Misheni ya 51 na Watoto wa Zaire: Kwa Nini Mashabiki Waliugeuka Mchezo Waliousifu

Mhadhara uliotolewa Ruashi, Lubumbashi, mbele ya vijana, walimu na wazazi



Tarehe 1 Septemba 2015 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa video unaoitwa Metal Gear Solid V: The Phantom Pain. Siku chache kabla ya hapo wahakiki walikuwa wameshautolea alama. IGN waliupa 10 kwa 10. GameSpot 10 kwa 10. Jarida la Famitsu la Japani, ambalo wahakiki wake wanne kila mmoja hutoa alama zisizozidi 10, liliupa 40 kwa 40. Ni michezo michache sana imewahi kupokewa hivyo. Haikupita miezi mingi, watu wale wale waliokesha wakiusubiri wakaanza kuuita mchezo nusu, mchezo uliokatwa, mchezo uliowadanganya. Hadi leo, ukimwuliza shabiki wa mfululizo wa Metal Gear ni mchezo upi uliomuumiza, kuna uwezekano mkubwa akakutajia huo huo uliopata alama zote.

Nataka tuchambue jinsi jambo kama hilo linavyotokea. Ingewezekana kuchagua mchezo mwingine. Nimechagua huu kwa sababu nusu ya hadithi yake inafanyika kwetu. Mwaka ni 1984. Baada ya utangulizi wa hospitalini, mchezaji anapelekwa Afghanistan, enzi za jeshi la Kisovieti, kisha helikopta inamshusha kwenye mpaka wa Angola na Zaire. Zaire ndiyo nchi waliyozaliwa humo wengi wa wazazi waliokaa hapa mbele, na mwaka ule mkoa wetu ulikuwa ukiitwa Shaba. Mtu wa Ruashi akiujadili mchezo huu hajadili mambo ya mbali.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna mchezo unaokataliwa siku ile ile unapotoka. Konami hao hao mnawajua kwa PES, mchezo wa mpira uliowalea wengi wenu kwenye sale za gemu. Septemba 2021 waliiondoa PES wakaleta eFootball, na watu walipofungua siku ya kwanza wakakuta nyuso za wachezaji zimepotoka na mpira hauchezeki. Kampuni iliomba radhi mara moja. Pale hapakuwa na kugeuka, kwa sababu hapakuwa na sifa za kugeuka kutoka kwake. Kitu kibaya kiliitwa kibaya, basi.

Kumgeuka mtu ni jambo jingine. Humgeuki usiyempenda. Ili mashabiki waugeuke mchezo, lazima wawe waliuamini kwanza, na tena hadharani, mbele ya wenzao. Ndiyo maana hasira yake haifanani na hasira ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Ina aibu ndani yake.

Imani hiyo ilitoka wapi? Hideo Kojima alitengeneza Metal Gear ya kwanza mwaka 1987, kwa kompyuta ndogo ya MSX2. Mwaka 1998 ikaja Metal Gear Solid kwenye PlayStation, na ndiyo iliyomfanya awe jina la dunia nzima. Ikafuata ya pili mwaka 2001, ya tatu mwaka 2004, ya nne mwaka 2008, na Peace Walker mwaka 2010. Katika hadithi hiyo ndefu kuna askari anayeitwa Big Boss. Katika michezo ya 1987 na 1990 yeye ndiye adui mkubwa. Katika ule wa 2004 unamcheza yeye mwenyewe akiwa kijana mwema, mtiifu, anayeumizwa na serikali yake. Kati ya mtu yule mwema na adui yule wa baadaye pana pengo la miaka, na mashabiki walikaa miaka kumi na zaidi wakisubiri kuambiwa: huyu mtu aliharibikaje?

Vionjo vya The Phantom Pain viliahidi kwamba jibu linakuja. Vilionyesha mtu aliyepoteza mkono, mwenye kipande cha chuma kilichochomoza kwenye paji la uso, aliyelowa damu, akiapa kulipiza kisasi. Walioviona walielewa kwamba hatimaye watamwona Big Boss akianguka hatua kwa hatua, na kwamba wao wenyewe, wakiwa wameshika manete, ndio watakaomwangusha. Ahadi ya namna hiyo ni nzito kuliko ahadi ya picha nzuri au bunduki mpya. Kila mchezo wa mfululizo hurithi deni la ule uliotangulia, na huu ulirithi deni la miaka 28.

Sasa tuwatazame wahakiki, maana wao hulaumiwa upesi. Konami iliwakusanya wengi wao mahali pamoja, ikawapa siku chache za kucheza mfululizo chini ya usimamizi wake, kisha wakaenda kuandika. Katika siku hizo chache waliona nini? Waliona mchezo ambao kwa mwendo wa mikono yako hauna mfano. Unaweza kuiingia kambi ya maadui usiku kwa kutambaa, au mchana kwa farasi. Unaweza kukata umeme, kusubiri dhoruba ya mchanga, kumvuta mlinzi kwa mlio wa kasha tupu la risasi. Ukizoea kuwapiga risasi za kichwa, maadui wanaanza kuvaa kofia za chuma. Ukishambulia usiku kila mara, wanaleta miwani ya kuona gizani. Mchezo unakusoma. Nimeucheza na ninasema bila kusita kwamba saa ishirini au thelathini za mwanzo ni kati ya kazi bora zilizowahi kufanywa katika sanaa hii. Wahakiki hawakusema uongo. Walichokisifu kilikuwepo.

Ubaya uko mbele zaidi. Mchezo una sura mbili. Sura ya kwanza, iitwayo Kisasi, ina misheni 31 na inaishia kwenye vita vikubwa na roboti liitwalo Sahelanthropus. Adui anakufa, orodha ya watengenezaji inapita kwenye kioo, unadhani umemaliza. Kisha sura ya pili inafunguka. Ina misheni 19, kutoka ya 32 hadi ya 50. Kati ya hizo 19, 12 ni misheni zile zile ulizokwisha kuzicheza, zimerudishwa kwa masharti magumu zaidi: huna silaha, au ukionekana tu umekwisha, au risasi chache tu zinatosha kukuua. Zinabaki 7. Na kati ya hizo 7, ya 46, ambayo ndiyo yenye siri ya hadithi nzima, inakurudisha hospitalini ulikoanzia na kukuchezesha upya karibu kila hatua ya mwanzo, kabla ya kukuambia jambo lenyewe.

Na jambo lenyewe ni hili: wewe si Big Boss. Wewe ni mganga wa jeshi aliyekuwa pamoja naye kwenye helikopta, aliyefanyiwa upasuaji wa uso na kutiwa kumbukumbu za mwingine akiwa usingizini, ili maadui wamwinde yeye na bosi halisi apate kutoroka. Kwa hiyo lile pengo lililosubiriwa miaka mingi halikuzibwa. Mtu ambaye anguko lake liliahidiwa alikuwa kwingine muda wote.

Hapa ndipo ninapoiona sababu ya kwanza ya mgeuko, na nadhani vijana wa sale za gemu mtaielewa haraka kuliko wahakiki wa Marekani. Sale nyingi zinakodisha kiti kwa mechi au kwa muda. Unalipa franka zako, unacheza, muda ukiisha unampisha mwenzako. Ukicheza hivyo mchezo wa hadithi ndefu, utauonja mwanzo wake mara nyingi sana na mwisho wake hutaufikia. Kijana mmoja hapa kwetu aliniambia kwa Kiswahili chetu, "Yaya, ile game iko muzuri, lakini siyayuaka mwisho wake." Alikuwa anausifu kwa moyo wote, na alikuwa mkweli. Mhakiki aliyefungiwa siku chache alikuwa katika hali ile ile. Mchezo ulioshiba mwanzoni na kukonda mwishoni utasifiwa siku zote na walioonja na kulaumiwa na waliokula hadi chini. Na kwa kuwa walioonja ndio wanaotangulia kusema, sifa itatangulia na lawama itafuata. Mtu wa nje anayetazama atadhani watu ni vigeugeu.

Kuna pia mambo yaliyoongezwa baada ya alama kutolewa. Mchezaji hujenga kambi baharini, na wachezaji wengine wanaweza kuivamia mtandaoni na kumwibia askari na mali. Oktoba 2015, mwezi mmoja baada ya mchezo kutoka, Konami ilianza kuuza bima ya kambi hiyo kwa pesa halisi. Hakuna mhakiki aliyeipa alama bima ile, kwa sababu haikuwepo alipocheza. Lakini mnunuzi aliyeanza kuona hadithi inamkimbia sasa aliona na mkono unaingizwa mfukoni mwake.

Hata hivyo, wembamba wa mwisho peke yake hauelezi kila kitu. Turudi mwaka 2001. Metal Gear Solid 2 nayo iliwaficha mashabiki jambo kubwa. Vionjo vyote vilimwonyesha shujaa waliyempenda, Snake, na watu walipoununua wakakuta kwamba baada ya sehemu ya mwanzo wanamcheza kijana mgeni anayeitwa Raiden hadi mwisho. Hasira ilikuwa kali. Miaka ikapita, na mchezo ule ukapanda heshima mwaka hadi mwaka, hadi leo wengi wanautaja kama kazi iliyoona mapema jinsi habari za mtandaoni zitakavyotumiwa kuwaongoza watu. Kwa nini udanganyifu wa 2001 ulisamehewa na ule wa 2015 ukazidi kuuma?

Jibu langu ni kwamba kazi ya 2001 ilikuwa nzima. Ilikuwa ngumu, ilikuwa na kiburi, lakini mwenye kazi alikuwa ameimaliza. Anayerudi kuitazama baada ya miaka kumi anakuta mambo ambayo hakuyaona. Kazi ya 2015 inamkutanisha anayerudi na tundu lile lile, na kila akirudi linaonekana wazi zaidi, kwa sababu sasa anajua lilipo. Muda ni rafiki wa kazi iliyokamilika. Ile iliyokatwa, muda unaifunua.

Na tundu lenyewe lina namba. Konami iliuza toleo la gharama kubwa lenye diski ya video, na ndani ya diski hiyo walionunua waliona michoro na vipande vya misheni ya 51, ambayo haimo katika mchezo. Fikirini uchungu wake. Angalau kama wangenyamaza, watu wangebaki na dhana. Badala yake kampuni iliwaonyesha maiti ya sura iliyokufa. Wengine wakachimba ndani ya faili za mchezo wakakuta kichwa cha sura ya tatu, kilichoitwa Amani. Tumaini likawaka upya: pengine mchezo haujaisha, pengine Kojima ameficha mwisho halisi, utafunguka siku moja. Mashabiki waliihusisha sura hiyo na silaha za nyuklia ambazo wachezaji hutengeneza na kuhifadhi mtandaoni: zikiteketezwa zote duniani kwenye aina moja ya mashine, onyesho fulani litatokea. Watu walijitolea miaka kuvamia kambi za wenzao ili kuziharibu bomu moja baada ya jingine, na Julai 2020 wachezaji wa PlayStation 3 walifika sifuri. Mimi kitendo hicho ninakiheshimu sana. Lakini hakikurudisha sura iliyopotea.

Wakati huo huo kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Mapema mwaka 2015 habari za ugomvi kati ya Kojima na kampuni yake zilikuwa zimeenea. Jina lake liliondolewa kwenye jalada, ingawa ndani ya mchezo linatajwa mwanzoni na mwishoni mwa kila misheni. Desemba mwaka huo, kwenye tuzo za The Game Awards, mtangazaji aliwaambia watazamaji kwamba Kojima alizuiwa kuhudhuria, na mwigizaji Kiefer Sutherland akapokea tuzo kwa niaba yake. Baadaye mwezi huo huo Kojima alitangaza studio yake mpya. Mashabiki wakagawanyika: wengine wakasema kampuni iliukata mchezo kwa ubahili, wengine wakasema bwana yule alitumia miaka na pesa bila mpango. Ninachoweza kusema ni kwamba ugomvi ule uliwapa mashabiki hadithi mbadala ya kufuatilia mahali pa ile waliyonyimwa. Walianza kuuchunguza mchezo kama wapelelezi mahali pa uhalifu. Na mtu anayepeleleza hachezi tena.

Sasa nifike mahali ninapopataka.

Misheni ya 51 ilihusu nini? Mashabiki wote wanajua jibu la haraka: ilihusu Eli na roboti. Eli ni mtoto wa Kizungu mwenye lafudhi ya Kiingereza ambaye mchezaji anamkuta kijijini Masa, ndani ya mashua iliyokwama, akiwatawala watoto wa Kiafrika wenye bunduki. Waliocheza mchezo wa 1998 wanamtambua: atakua awe adui mkubwa wa baadaye. Karibu na mwisho Eli analiiba lile Sahelanthropus, anaondoka nalo pamoja na wale watoto, na hatuwaoni tena. Misheni ya 51 ingetuonyesha kisiwa walikokimbilia na vita vya mwisho huko.

Nimesema anaondoka pamoja na wale watoto. Hao ni kina nani? Ni watoto wetu. Wengi wao ni wa Zaire na Angola. Mchezo umetumia saa nyingi kutukutanisha nao. Katika misheni ya 18 mchezaji anatumwa kwenye mgodi wa almasi uitwao Kungenga. Amelipwa kuwaua wafungwa waliomo. Anapofika chini anakuta ni watoto. Mmoja hawezi kutembea, inabidi umbebe mabegani. Wengine wanakufuata nyuma kwa mstari, wakisimama unaposimama, wakiinama unapoinama, huku doria zikipita. Ukiwa umembeba mtoto huwezi kukimbia upendavyo. Ukimuua mtoto yeyote, mchezo unakatika hapo hapo. Sijui sehemu nyingine katika mfululizo huo inayokufanya ushike pumzi kama hiyo.

Watoto wale wanasema mwenzao, Shabani, alichukuliwa. Misheni mbili baadaye unamkuta Shabani ndani ya jengo la Ngumba, amelazwa kati ya wagonjwa ambao koo zao zimetiwa vimelea vinavyoua kwa lugha: aliyeambukizwa akizungumza lugha fulani, vimelea vinaamka. Lugha ya kwanza ya maangamizi hayo katika mchezo ni Kikongo. Shabani anakufa. Baadaye maradhi yanaingia kambini kwako, na unatakiwa ufungue orodha ya askari wako, uangalie lugha ya kila mmoja, uwatenge wote wanaojua Kikongo. Mchezaji wa Ulaya anaona fumbo zuri la kutatua. Mwenye mjomba wa Matadi azungumzaye Kikongo haoni fumbo tu.

Na mahali penyewe pana historia yake. Mpaka wa Angola ni ule waliouvuka waasi wa FNLC Machi 1977; mwaka uliofuata wakarudi kwa kupitia Zambia, wakaingia Kolwezi tarehe 13 Mei 1978, kilomita 300 hivi kutoka hapa tulipo. Tarehe 19 Mei askari wa miamvuli wa Ufaransa wakarushwa juu ya mji ule. Wapo humu ndani wanaokumbuka ndege zile. Novemba 1984, mwaka ule ule wa mchezo, waasi wa Laurent-Désiré Kabila waliushambulia Moba ukingoni mwa Tanganyika. Hofu ya nyuklia inayoendesha hadithi nzima nayo ina chimbuko karibu na Likasi, kwenye mgodi wa Shinkolobwe, ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya 1945. Na watoto wenye bunduki tuliwaona kwa macho yetu Aprili 1997, jeshi la AFDL la Kabila lilipoingia Lubumbashi: makadogo, wengine bunduki ikikaribia kuwazidi kimo. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ya Machi 2012, ilikuwa juu ya Mkongomani, Thomas Lubanga, kwa kosa la kuwatumia watoto vitani kule Ituri.

Kwa hiyo mtu akisema misheni ya 51 ilikatwa, ajue alichokitaja. Kilichokatwa ni hatima ya watoto wa Kungenga. Mchezo uliwatoa mgodini, ukawapeleka kambi ya baharini karibu na Shelisheli, ukawanyang'anya bunduki na kuwapa masomo, ukaonyesha kwamba hawakuzoea na kwamba walitaka kurudi kwenye vita walivyovijua. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na makadogo waliorudi nyumbani anajua kwamba hapo ndipo penye swali gumu. Mchezo ulilifikia swali, ukasimama.

Nimesoma malalamiko mengi ya mashabiki wa mfululizo huu, ya Kiingereza na ya Kifaransa. Wanamlilia Eli. Wanalilia roboti. Wanamlilia Big Boss ambaye hawakupewa. Mara chache sana nimekuta anayeuliza wale wengine waliopanda pamoja na Eli walifika wapi. Simlaumu shabiki wa Osaka au wa Lyon. Kila mtu hulilia wake. Lakini inanionyesha kwamba hasira ya mashabiki, hata ikiwa ya haki, huona upande mmoja wa tundu.

Mwaka 2013 BioShock Infinite ya Marekani ilipita njia inayofanana. Ilisifiwa mno ilipotoka, mji wake wa angani ukawaduwaza watu. Kisha wachezaji waliotulia wakaanza kuuliza kwa nini kiongozi wa waliokandamizwa, mwanamke mweusi Daisy Fitzroy, anaonyeshwa kuwa mbaya sawa na waliomkandamiza, eti pande zote mbili ni zile zile. Watengenezaji walijaribu kuirekebisha habari yake katika nyongeza ya 2014. Kule swali lilipata wenye kuliuliza, na kwa kuwa waliuliza kwa sauti, lilijibiwa, japo nusu. Watoto wa Kungenga hawajapata wenye kuwaulizia.

Nasi tuna sababu ya kuwaulizia: betri ya manete unayoshika ina kobalti, na zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia hutoka katika nchi hii, sehemu yake kwenye mgodi unaobeba jina la komini hii hii. Sisemi hivyo ili tudai mchezo ni mali yetu. Nasema ili kijana wa Ruashi asijione mgeni kwenye meza ya wanaouhukumu. Ana haki ya kusema mchezo huu ni mzuri wapi na umetupungukia wapi, na haki hiyo hahitaji kuombewa na mtu.

Hukumu yangu ni hii. Alama zile za 2015 zilikuwa za kweli kwa saa zilizochezwa, na hazikuwa za kweli kwa mchezo mzima. Mashabiki waliougeuka walikuwa na haki, kwa sababu waliahidiwa jambo na hawakulipwa. Ninatofautiana nao juu ya deni lenyewe. Wao wanadai anguko la bosi. Mimi ninadai watoto.

Ninyi mnaoandika hadithi, mnaochora, mnaojifunza kompyuta: uchezeni mchezo huu hadi misheni ya 50, hata kama itawachukua mwaka kwa zamu za sale. Kisha andikeni watoto wale walikwenda wapi, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, ukurasa mmoja au kumi. Walimu walioko hapa wamekubali kuzipokea kazi hizo na kuzisoma pamoja nanyi. Leteni.